Mpangaji wa fremu ameacha funguo kwa mlinzi akiwa na deni: je, mkataba umekwisha?

MwenyeFremu:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimepangisha fremu ya biashara kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu, na umebaki zaidi ya mwaka mmoja. Mpangaji alikuwa amelimbikiza kodi ya miezi minne. Juzi alimwachia mlinzi funguo pamoja na barua fupi inayosema kwamba biashara imemshinda, kwamba anavunja mkataba kuanzia siku hiyo, na kwamba deni likatwe kwenye amana, ingawa amana yenyewe ni ya miezi miwili tu. Ndani ameacha rafu, kaunta na friji ya vinywaji. Tayari yupo mtu anayeitaka fremu hiyo. Je, nikimpangisha huyo, nitakuwa nimepoteza haki ya kumdai wa kwanza, au naweza kumdai kodi yote hadi mwisho wa mkataba? Na vitu vyake naweza kuviuza?

Wakili wa Ardhi:
Tuanze na funguo, kwa sababu hapo ndipo wenye majengo wengi hujikwaa. Mkataba wa muda maalumu hauvunjwi kwa barua ya upande mmoja, isipokuwa kama una kifungu kinachoruhusu kutoka mapema na masharti yake yametimizwa. Mlinzi kupokea funguo hakumaanishi kwamba wewe umekubali. Lakini ukibadilisha kitasa, ukapaka rangi na kumwingiza mtu mpya bila kumwandikia wa kwanza neno lolote, matendo hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa umeridhia kurudishiwa jengo, na hapo kodi ya mbele inakoma. Deni la nyuma linabaki palepale.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, mwandikie kwamba umeshika funguo kwa ajili ya usalama wa jengo tu, kwamba hukubali mkataba umevunjwa kihalali, na kwamba utatafuta mpangaji mwingine ili kupunguza hasara, huku ukihifadhi haki ya kumdai kitakachopungua. Akipatikana mpangaji wa kodi ndogo zaidi, unadai tofauti, pamoja na kodi ya kipindi ambacho fremu ilikaa tupu. Kodi kamili kutoka kwa wote wawili hupati. Kuhusu wajibu wa kumtafuta huyo mpya, sheria zinatofautiana: mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya England ilikataa hoja kwamba mwenye jengo la biashara analazimika kufanya hivyo kabla ya kudai kodi, ilhali katika majimbo mengi ya Marekani wajibu huo upo.

Amana nayo si kodi ya mwisho ya mpangaji. Kwa kawaida mwenye jengo ndiye anayeamua kama ataikata kwa deni au kwa uharibifu, kwa kufuata maneno ya mkataba.

Msimamizi wa Majengo:
Naongezea kuhusu vitu, maana hapa hasira hugharimu. Friji ya vinywaji mara nyingi si mali ya mpangaji. Ni ya kampuni inayomletea vinywaji, na namba ya kampuni imebandikwa ubavuni. Ukiiuza, kesi mpya itakuja na mlalamikaji ambaye hukuwahi kumpangisha. Ingia na shahidi, piga picha, andikeni orodha na kuitia sahihi, kisha mpe mpangaji muda wa maandishi wa kuja kuchukua vyake.

Kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna utaratibu wake kila mahali. England na Wales zilifuta haki ya zamani ya mwenye jengo kujikamatia mali Aprili 2014, na sasa kazi hiyo hufanywa na wakala aliyeidhinishwa, baada ya notisi, na kwa majengo ya biashara tu. Nchini Kenya, upangaji wa maduka, hoteli na migahawa usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, unalindwa kisheria. Notisi ya kuusitisha haipungui miezi miwili, na migogoro yake husikilizwa na baraza maalumu.

Mpangaji Mzoefu:
Sitetei kukimbia deni, lakini ndugu yangu hajatuambia kama jengo lilikuwa na kasoro. Kama paa lilivuja au umeme ulikatika kwa sababu iliyo juu ya mwenye jengo, mpangaji atadai fidia, na deni la miezi minne litapungua. Mimi ningemwita tuandikishane: amana ibaki kwako, deni lililosalia alipe kwa awamu chini ya mdhamini, na mkataba ukome tarehe inayojulikana.

MwenyeFremu:
Nashukuru. Hakuna kasoro aliyowahi kuniandikia. Nimesoma upya mkataba: unaruhusu kila upande kutoka kwa notisi ya maandishi ya miezi mitatu, mradi kodi iwe imelipwa yote.

Wakili wa Ardhi:
Basi barua yake haikutimiza kifungu hicho, kwa muda na kwa deni pia. Hata hivyo usijenge matumaini juu ya mwaka mzima, kwani mahakama inaweza kuuliza kwa nini udai zaidi ya miezi mitatu ambayo angeweza kuondoka nayo kihalali. Pendekezo la Mpangaji Mzoefu nalipenda: deni la miezi minne, jumlisha miezi mitatu ya notisi, toa amana na kile atakacholipa mpangaji mpya ndani ya miezi hiyo. Anza mazungumzo na hesabu hiyo.