Kiwanja cha babu Pangani na bahari inayosogea: nijenge, tuuze au tuache?

MjukuuWaPangani:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Babu alituachia shamba la minazi kusini ya mji wa Pangani, njia ya Ushongo. Linaanzia ufukweni linapanda hadi barabarani. Upande wa pwani kuna kisima alichochimba mwenyewe. Alikuwa akituambia kilikuwa hatua 50 toka maji ya bamvua yanapoishia. Idi iliyopita nilihesabu, nikapata 22. Mnazi wa mbele kabisa umeinama, mchanga umekombwa chini yake, na wimbi likija unaiona mizizi ikicheza. Nilichota maji kisimani nikayaonja: chumvi. Mama bado anaoshea vyombo.

Ndugu zangu wanataka kuuza. Yuko mtu katoa bei nzuri, na anataka sehemu ya mbele hasa. Mimi nilitaka kumjengea mama. Juzi redioni nimesikia kwamba barafu za Greenland na Antaktika zikishavuka kiwango fulani cha joto hazirudi tena, zitaendelea kuyeyuka hata moshi ukikoma. Nina mtoto wa miaka 4. Je, nijenge? Na tukiuza huku najua ninachokijua, pesa hiyo ni halali? Nawasilisha.

FundiTofali:
Mkuu, uza. Tafuta kiwanja Muheza, bahari haitakufuata huko.

MwalimuJiografia:
Pole ndugu. Redioni hawakukudanganya, ila tenganisha muda.

Chukua ngalawa. Ukiegemea upande inainama, ukirudi katikati nayo inarudi. Ukizidisha inapinduka, na hapo hata uache kuegemea haijiinui. Barafu ya Greenland iko hivyo. Imerundikana hadi kimo cha kilomita 3 hivi, na baridi ya huko juu ndiyo inayoilinda. Ikiyeyuka, kilele kinashuka kwenye hewa yenye joto zaidi, kwa hiyo inayeyuka zaidi, inashuka tena. Ikiisha yote, bahari itapanda kama mita 7. Ya Antaktika Magharibi ni zaidi ya mita 3. Wataalamu wanakadiria kupinduka huko kunaweza kuanza dunia ikiongezeka joto kwa takriban nyuzi 1.5 kuliko enzi za kabla ya viwanda. Mwaka 2024 ndio wa kwanza kupita hapo, ingawa mwaka mmoja haujawa hali ya kudumu.

Lakini hiyo ni kazi ya karne na karne. Mwanao hataziona mita 7. Tangu 1993 setilaiti zimepima ongezeko la sentimita 10 hivi, na kufikia 2100 makadirio ni kati ya sentimita 30 na mita 1. Nyumba ya mama italiwa na bamvua na mawimbi ya kusi yanayopanda juu ya hizo sentimita chache.

Na kuna jambo linaloniuma kila ninapolifundisha: barafu ile ni nzito kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari upande wake. Ikipungua, maji yanaachiliwa, na yanaongezeka zaidi huku mbali, ukanda wetu wa ikweta ukiwemo.

NahodhaMstaafu:
Mjukuu wangu, hujambo. Umeisahau Maziwe? Kisiwa kile mbele ya Pangani nilikiona kina mivinje, kasa wakitaga chini yake. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na ilipofika 1980 hivi kisiwa kilikuwa kimekwisha. Leo ni fungu tu, maji yakijaa hulioni. Kasa bado wanatagia pale, na watu wanayahamishia mayai Ushongo yasizame.

Mwaka 1998 nilipita juu ya mwamba, matumbawe meupe kama chokaa kwa joto la maji. Mengine baruti zilishayavunja. Wimbi lililokuwa likivunjikia kule nje sasa linafika na nguvu zake hadi kwenye mnazi wako. Mbele hapo usikate kitu. Panda mivinje. Mkoko hautashika, ule ni wa matope ya mtoni.

DogoWaChuo:
Shikamoo babu. Swali kwa mwalimu: kama barafu ikishapinduka hairudi, hiyo mivinje ya nini?

MwalimuJiografia:
Kwa sababu ya kasi, mdogo wangu. Joto likizidi sana, barafu inaisha mapema zaidi. Likibanwa karibu na hapo kwenye mpaka, kazi ileile inachukua maelfu ya miaka. Mita moja ikija polepole kijiji kinahama kwa mpangilio, na makaburi yao wanayahamisha kwa heshima. Ikija haraka watu wanakimbia usiku. Kila sehemu ndogo ya nyuzi inayozuiliwa ni miaka wanayopewa wajukuu wa huyo mtoto wa miaka 4. Kwangu mimi hilo si dogo hata kidogo.

MamaWawili:
Ndugu, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa bahari. Huyo mnunuzi anataka mahali asipoweza kujenga. Mwambieni wazi. Mimi nilinunua kiwanja cha ufukweni, muuzaji alijua maji yanafika akanyamaza. Msimu wa pili ukuta ukaenda na bahari, na akiba yangu ya miaka 9. Sijamsamehe.

Mama mjengee nyuma kabisa, barabarani. Inua msingi, weka tangi la maji ya mvua.

FundiTofali:
Nafuta neno langu la kwanza. Dada hapo juu kasema kweli.

MjukuuWaPangani:
Asanteni sana wote. Shikamoo babu nahodha, Maziwe nilikuwa nimeisikia kama hadithi tu.

Jana nimeongea na ndugu zangu saa nzima. Mnunuzi tumemweleza kila kitu, kisima na mita 60, akasema atatupigia. Hajapiga. Nyumba itakuwa juu barabarani, na mbele tutapanda mivinje masika yakianza. Kama kuna anayejua pa kupata miche huko Tanga, aniambie.

Mama amekubali yote. Ameuliza kitu kimoja tu: kisima cha baba yake tutakifukia, au tutakiacha bahari ikichukue yenyewe? Sijamjibu bado.