Klabu za idara ya sayansi ya kompyuta: mashindano, usalama, programu huria au programu za simu?

MgeniDarasani
Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Idara yetu ya sayansi ya kompyuta imefungua usajili wa klabu za wanafunzi, fomu zinafungwa Ijumaa hii, na kila mwanafunzi anaruhusiwa kuchagua klabu mbili tu. Zipo nne: ya mashindano ya programu inayoandaa timu za ICPC (mashindano ya kimataifa ya programu kwa vyuo vikuu), ya usalama wa mtandao, ya programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuuboresha), na ya kutengeneza programu za simu. Nimesoma matangazo yote manne na kila klabu inajisifu kwa maneno yaleyale. Naomba mliopitia huko mnilinganishie: ipi ina manufaa zaidi?

Kitanzi
Manufaa kwa nani, na katika lipi? Hujasema uko mwaka wa ngapi, unaijua lugha gani ya programu, wala unabakiwa na saa ngapi kwa wiki baada ya vipindi na maabara. Anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo mwakani hawezi kupewa jibu moja na aliyeingia chuoni mwezi uliopita. Tupe hayo kwanza.

Kufuli
Mimi sihitaji kusubiri maelezo: nenda usalama wa mtandao. Katika mashindano ya kunyakua bendera (CTF), ambapo bendera ni maneno ya siri yaliyofichwa ndani ya fumbo, unapewa mafumbo ya aina nyingi: programu usiyoijua msimbo wake, ujumbe uliosimbwa, tovuti yenye ufa. Kila fumbo linakulazimisha kujua jinsi kompyuta inavyofanya kazi chini kabisa, mahali ambapo mihadhara ya mwaka wa kwanza haifiki. Anza na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyoandaliwa kwa ajili ya wanaoanza. Ila zingatia sharti moja lisilo na mjadala: unafanyia mazoezi mifumo iliyotengwa kwa kazi hiyo, na hugusi seva ya mtu yeyote bila idhini yake, hata iwe ya chuo chako mwenyewe.

ShinaNaMatawi
Ndugu Kufuli amesema kweli kuhusu kina, lakini msingi wa yote hayo ni algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, na hakuna mahali zinapofundishwa kwa ukali kama katika klabu ya mashindano. Timu ya ICPC ina watu watatu, kompyuta moja na saa tano. Kwa kuwa anayechapa ni mmoja, wengine wawili wanafikiri kwa kalamu na karatasi, wanasoma msimbo wa mwenzao na kutafuta kosa kabla haujatumwa, kwa sababu kila jibu lisilo sahihi kwa swali ambalo hatimaye mmelitatua linaongeza dakika 20 katika muda wenu. Mimi nilijifunza kusoma msimbo wa mtu mwingine kwa makini katika chumba kile, wala si darasani.

MgeniDarasani
Asanteni, na samahani kwa kuacha mambo ya msingi. Niko mwaka wa kwanza, ninajua Python kidogo (orodha, vitanzi, kazi fupifupi), na nadhani nitakuwa na saa sita kwa wiki. Bado sijajua ninalenga nini.

Binti_Hesabu
Mdogo wangu, nilikuwa katika klabu ya programu za simu kwa miaka miwili, na nitakueleza yaliyotokea bila kuficha.

Tulianza watu wapatao arobaini, tukaamua kutengeneza programu ya ratiba za maabara kwa ajili ya idara yetu. Wazo lilikuwa zuri. Kufikia wiki ya tano tulibaki sita, na wanaoandika msimbo walikuwa watatu. Waliosalia walikuwa wakijadili nembo na rangi. Hilo lilivumilika. Kilichotuumiza ni kwamba hazina ya msimbo ilikuwa katika akaunti binafsi ya kiongozi wetu, seva ilisajiliwa kwa barua pepe yake ya chuo, na nywila alikuwa nazo yeye peke yake. Hakuwa na nia mbaya, kwani ndiye aliyeanza kazi na hakuna aliyemwambia afanye vingine. Alipohitimu, barua pepe ile ilifungwa. Muhula uliofuata seva ilizimika, tukajaribu kurejesha nywila, na ujumbe wa kurejesha ukaenda kwenye anwani isiyokuwepo tena. Nilikuwa na nakala ya msimbo katika kompyuta yangu, lakini ilikuwa ya miezi minne nyuma, na data ya watumiaji ilipotea yote. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuwa wameizoea programu ile walituuliza kwa wiki kadhaa itarudi lini, nami ndiye niliyekuwa nikiwajibu. Sijasahau aibu ile.

Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, uliza akaunti za klabu ziko chini ya nani, na nani atazipokea viongozi wakihitimu. Wasipokuwa na jibu, hiyo si klabu, ni mradi wa mtu mmoja.

Kitanzi
Pole sana, dada. Hata hivyo, ulichokieleza ni ubaya wa uongozi, si wa programu za simu, na ugonjwa huo unaweza kuipata klabu yoyote. Ndiyo maana ninaipendelea ya programu huria: mwanachama anachangia mradi ambao tayari una watunzaji wake nje ya chuo, kwa hiyo kiongozi akihitimu, kazi haifi. Tena mchango wa kwanza si lazima uwe msimbo. Kurekebisha maelezo ya matumizi kunatosha kukufundisha Git (chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) na namna ya kupokea ukosoaji kwa maandishi.

Kufuli
Klabu hiyo inategemea Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwashirikisha watu katika miradi ya programu huria, nao ni ya wanafunzi wachache tu wanaochaguliwa. Wengine hubaki wakisubiri.

Kitanzi
Haiitegemei, na kauli ya kwamba ni ya wanafunzi tu imepitwa na wakati. Ilikuwa hivyo ilipoanza mwaka 2005, lakini tangu 2022 imefunguliwa pia kwa wasio wanafunzi ambao ni wageni katika programu huria. Tena michango ya kawaida haihitaji kuchaguliwa na mtu.

ShinaNaMatawi
Turudi kwa mwenye swali. Kwa Python unaweza kuanza mashindano, ila ukiendelea utahitaji lugha ya C++, kwa sababu algoriti ileile iliyo sahihi inaweza kuvuka muda uliowekwa kwa sababu tu Python huenda polepole zaidi.

Binti_Hesabu
Hapo sikubaliani nawe, kaka. Kwa mwanzilishi, tatizo karibu kila mara ni vitanzi viwili vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine pale ambapo kupanga data kwanza kungetosha. Ukiwa na namba 100,000, vitanzi hivyo vinafanya hatua bilioni 10, na hata C++ haitakuokoa. Mwache ajifunze kuona hilo kabla ya kubadilisha lugha.

ShinaNaMatawi
Nakubali kwa muhula wa kwanza. Baada ya hapo msimamo wangu unabaki palepale.

Kufuli
MgeniDarasani, hujatuambia kama una kompyuta yako mwenyewe. Kwetu utahitaji kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako), na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itakusumbua. Mazoezi ya mashindano yanawezekana hata kwenye kompyuta za maabara.

MgeniDarasani
Ninayo, na ni ya gigabaiti 4 hasa, kwa hiyo usalama nitausogeza mbele hadi nitakapopata nyingine. Leo nimewafuata viongozi wa klabu mbili na kuwauliza swali la dada Binti_Hesabu. Wa programu huria amenionyesha kwamba akaunti zinashikwa na watu watatu wa miaka tofauti. Wa mashindano amesema hawana cha kurithisha isipokuwa kabati la maswali ya zamani. Nilikuwa tayari kuandika majina ya klabu hizo mbili, kisha nikagundua kwamba zote zinakutana Jumatano jioni, saa ileile.

Kitanzi
Waulize wa mashindano kama wana mazoezi marefu mwisho wa wiki. Kwetu, timu zilifanya kazi yake halisi siku hiyo, na kikao cha katikati ya wiki kilikuwa cha kujadili masuluhisho tu.

ShinaNaMatawi
Kikao hicho cha masuluhisho ndicho mwaka wa kwanza anachokihitaji kuliko wote. Asikikose.