Kuchaji betri ya baiskeli ya umeme ofisini: iruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mleta mada

Wakuu, poleni na majukumu. Kazini kwetu mwenye jengo amebandika tangazo getini: marufuku kuchaji betri za baiskeli ndani ya jengo, sababu ni hatari ya moto. Nauliza wana Dar wenzangu, hii ni sawa?

Msimamo wangu nautoa mapema. Iruhusiwe, kwa masharti. Marufuku haiondoi hatari, inaihamishia chumbani kwa mtu usiku watoto wamelala.

Tupige hesabu kwanza. Betri ya kawaida ya baiskeli za bei ya kati ni volti 36, ampia-saa 10, yaani wati-saa 360 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Anayekanyaga pedali huku mota ikimsaidia hutumia kama wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita, kutegemea uzito, upepo, tairi, na kama anakanyaga kweli au amekalia akseleta tu. Chukua 12. Kimara hadi Kivukoni ni kilomita kama 15, kwenda na kurudi 30. Zidisha: 360. Betri mpya kabisa, siku isiyo na upepo, inakuishia mlangoni kwako. Ikishachoka ikabaki na asilimia 80 ya uwezo wake, hufiki.

Na mtu wa Kimara asubuhi anateremka kuelekea baharini, jioni ndiyo anapanda. Kilo 100 za mtu na baiskeli yake, kila mita 100 za kwenda juu zinadai wati-saa 27, na ukiongeza zinazopotea kwenye mota ni kama 35. Hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya betri, na unaidai wakati chaji imeshapungua. Betri iliyokaribia kuisha ukiibana mlimani volti zinaporomoka. Vile vijiti vya chaji kwenye kioo cha usukani kwa baiskeli nyingi za bei nafuu vinasoma volti tu, kwa hiyo mlimani kinabaki kimoja, ukifika tambarare vinarudi vitatu. Nimeshaona watu wazima wanagombana na kioo pale Ubungo.

Gharama isiwe kisingizio. Kurudishia umeme wa safari ya asubuhi ni kama wati-saa 200, sawa na birika la wati 2,000 likikaa kwenye umeme dakika 6. Kwa bei ya LUKU hata shilingi 100 haifiki.

Msimamizi wa jengo

Ndugu yangu, umeme hakuna anayekulilia. Mimi nasimamia jengo, nalala na simu masikioni. Jiji la New York mwaka 2023 lilihesabu moto 268 uliotokana na betri za lithiamu, watu 18 wakafa. London, kuanzia tarehe 31 Machi 2025, baiskeli za umeme zisizokunjika hazipandi treni za chini ya ardhi. Hao wana zimamoto za kutosha.

Betri hizo ndani ni seli nyingi, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa; seli moja ikipata joto la kupitiliza inaiwasha ya jirani, na hiyo inaiwasha nyingine. Mitungi tuliyonayo kwenye korido ni ya poda. Inazima ndimi za moto, seli haizipozi, baada ya muda moto unarudi. Niwekee hiyo ghorofa ya nane yenye ngazi moja, halafu uniambie nani anasaini.

Mama wa Sinza

Mimi naishi karibu, nachaji nyumbani mara mbili kwa wiki, inatosha. Ila swali langu ni lingine. Wa mwendokasi hajaziwi kadi na ofisi, wa bodaboda hawekewi mafuta. Kwa nini mwenye baiskeli apewe cha bure?

Mleta mada

Dada, hiyo shilingi 100 tulipe hata leo, tuwekewe daftari kwa mlinzi.

Mzee wa jengo, takwimu zako sizipingi, lakini endelea kusoma mbele. New York haikukataza watu kuchaji. Mwaka huohuo wa 2023 sheria zake zilibana uuzaji wa betri zisizothibitishwa ubora, pamoja na zile zinazoundwa upya kwa seli zilizokwishatumika. Mwaka 2024 jiji likaanza majaribio ya vituo vya kuchajia nje, barabarani, kwa ajili ya wasambazaji wa chakula. Walibana aina ya betri inayowaka, wakatafuta mahali pa kuchajia.

Fundi betri, Kariakoo

Niingilie, maana hizo betri zinaishia mezani kwangu.

Anayekatazwa kuchaji kazini ndiye anayekuja kuniambia, "Fundi, niongezee seli nifike nyumbani." Nikikataa anaenda kwa mwingine, anachanganyiwa seli mpya na za laptop mbovu. Seli za uwezo tofauti hazijai wala haziishi pamoja, dhaifu inaumia kila siku. Siku moja ndiyo inayowaka. Kwa hiyo mzee, tangazo lako linanitengenezea wateja nisiowataka.

La pili ni chaja. Betri ya volti 36 hujaa kwenye volti 42. Ya 48 hujaa kwenye 54.6. Plagi unakuta zinafanana, mtu anaazima ya jirani. Hapo anategemea saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, na kwenye betri za kuunganisha, zile zinazoundwa na mafundi mitaani, mara nyingine hata haimo.

La tatu, jua la hapa kwetu. Baiskeli imekaa juani hadi saa 8 mchana, mtu anaichomoa betri ikiwa ya moto na kuichomeka hapohapo. Iache kivulini ipoe kwanza. Ikilowa mvua, kausha plagi kabisa kabla ya kuigusa chaja.

Mleta mada

Fundi umenisaidia. Pendekezo langu basi: kibanda cha nje karibu na mlinzi, chenye paa, sakafu ya saruji, mbali na magari na njia ya kutokea. Kila mtu na chaja yake. Soketi ziwashwe saa 3 asubuhi, zizimwe saa 8 mchana. Chaja ya ampia 2 inarudisha nusu betri kwa saa mbili na nusu hivi, muda unatosha na ziada. Usiku hakuna kitu kinachobaki kwenye umeme.

Msimamizi wa jengo

Kibanda cha nje naweza kukipeleka kwa mwenye jengo. Ndani bado hapana, hata akija bosi wako. Ila mlinzi wangu atajuaje betri ya kiwandani na ya kuunganisha?

Fundi betri, Kariakoo

Stika asiiamini, zinauzwa. Aangalie skrubu kama zimekwaruzwa, kasha kama limefungwa kwa gundi au selotepu, na kama limevimba. Iliyovimba isivuke geti.

Mama wa Sinza

Na aliyezuiwa getini jioni anarudije Kimara?