Simpsons za Halloween: tuwaachie watoto watazame au tuzime runinga?

MamaNuru
Salaam wanajamvi. Oktoba ikikaribia kwisha, vita huanza nyumbani kwangu hapa Minnesota. Kijana wangu ana miaka tisa na shuleni wenzake hawaongei kingine ila Treehouse of Horror, vile vipindi vya Halloween, sikukuu ya mizimu, vya katuni ya familia ya Simpsons: visa vitatu vifupi kwa mpigo, watu wanakufa vibaya, halafu wiki inayofuata wote wazima wanakunywa chai. Baba yake anasema ni vichekesho, aachiwe. Nikakaa naye tutazame ile ya 1994. Nikakuta walimu wanawapika wanafunzi waliopewa adhabu na kuwala kwenye kantini ya shule, wananenepa mpaka vifungo vinawabana. Nikazima. Wenye watoto, nyie mnafanyaje?

Kibatari
Dada, hicho kipindi hakijawahi kuwa cha watoto. Fox walikianza Desemba 1989 wakakiweka jioni, saa ya watu wazima. Halloween yao ya kwanza, 1990, inaanza na Marge, mama wa hiyo familia, katoka mbele ya pazia anawaonya wazazi wawalaze watoto mapema, kuliko kesho kuandika barua za hasira. Umeonywa tangu 1990, barua ndiyo inafika leo.

MamaNuru
Sijaandika barua, nimeuliza swali. Na onyo lenyewe ni mzaha, kila mtoto aliyelisikia aliongeza sauti.

MtumishiJr
Halloween yenyewe ni sikukuu ya giza, sijui mnajadili nini. Unaweka mafuvu sebuleni halafu unashangaa mtoto anaweweseka usiku. Isitoshe hawa Simpsons wanajulikana. Walimtabiri Trump kuwa rais miaka mingi kabla, na picha yake kwenye katuni akiteremka ngazi za umeme ipo. Nani aliwaambia?

fundi_saa
Mtumishi, tuliza mpira. Kuna vitu viwili umevichanganya. Kisa cha Trump kilirushwa Machi 2000, na wala si cha Halloween. Lisa, binti wa hiyo familia, ni rais, analalamika kuachiwa hazina tupu na Trump. Miezi michache kabla ya hapo Trump mwenyewe alikuwa anajipima kugombea, magazeti yote yaliandika. Hiyo picha ya ngazi ni ya kikatuni kifupi cha 2015, kilichochorwa BAADA ya yeye kuteremka kwenye ngazi zile. Kuchora jambo lililokwisha kutokea hata mimi naweza.

MtumishiJr
Kwa hiyo unakubali kwamba 2000 walisema.

fundi_saa
🤦

JaKisumu
Mkitaka utabiri wa ukweli, tafuteni Halloween ya 2008. Ilirushwa tarehe 2 Novemba, siku mbili kabla ya uchaguzi. Homer, baba wa hiyo familia, anaingia kupiga kura, anabonyeza Obama, mashine inampa McCain. Anabonyeza tena, McCain. Anabonyeza tena, McCain. Mwisho mashine inammeza mzima mzima. Wenzangu wa Kenya mnajua 2017 baada ya uchaguzi wetu tulipiga kelele gani. Homer alikuwa ametangulia: FUNGUENI SERVER.

Kibatari
Hahaha, nimemwaga chai. Hata 1996 walifanya vilevile, Clinton na Dole wametekwa, waliobaki jukwaani ni wale viumbe wawili wa jicho moja, Kang na Kodos, ndani ya miili yao. Watu wanajua kabisa kwamba ni madubwana na bado wanapanga foleni kuchagua mojawapo.

PwaniTupu
Nyie mlioko kwenye baridi mnachekesha wallahi. Sote hapa tumelazwa kwa hadithi za zimwi. Binti kasahau kombe lake ufukweni, karudi kulifuata, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini likimlazimisha aimbe. Hiyo ndiyo tulikuwa tunaambiwa gizani, koroboi imezimwa! Na 1995 Unguja na Pemba wazee wazima na mvi zao wamehamishia mikeka nje kwa kumkimbia Popobawa, yule jini wa usiku. Leo mtu kafika Marekani, kajifunza kuvaa glovu, anaogopa katuni ya mtu wa manjano mwenye vidole vinne.

MamaNuru
PwaniTupu, hadithi ya zimwi nilisimuliwa na bibi yangu. Alikuwa ananishika mguu huku anasimulia. Akiniona natetemeka, zimwi lilikuwa linateleza linaanguka kisimani hata kama hadithi haikuwa na kisima. Runinga haimuoni mtoto. Hilo ndilo swali langu. Na hiyo baridi unayoicheka ndiyo inalipa ada za watoto wa ndugu zangu huko.

PwaniTupu
Ada imeingiaje hapa? Nyie watu wa majuu mkiguswa kidogo tu mnatoa risiti.

KakaDoha
Tusikose heshima jamani. Na sisi wa Ghuba mnatuweka wapi? Huku hakuna baridi, tunaungua, na pesa tunatuma. Risiti ninazo.

PwaniTupu
Nimesema majuu, sikusema Doha.

KakaDoha
Doha siyo majuu? Nilipanda punda kuja huku?

JaKisumu
Watu wa diaspora mkianza hivi uzi hauishi. Shangazi yangu alikuwa Atlanta miaka mingi, akija likizo hata chapati anaiuliza ina kalori ngapi.

MamaNuru
Shangazi yako hajauliza chochote hapa. Nimeuliza mimi.

mwl_Sabasaba
Mimi ni mwalimu na nimesikitika kwamba hamna aliyegusa jambo la msingi, yaani walimu tunachorwa tunakula watoto na nyinyi mnabishana risiti. Ila nimekitafuta hicho kisa nikakitazama jana. Kinaanzaje? Chumba cha adhabu kimefurika mpaka watoto wanabanana ukutani. Jikoni mpishi anaeleza kwamba bajeti imekatwa, nyama iliyobaki ni ya daraja la mwisho kabisa. Mwalimu mkuu anatazama matatizo mawili, anaona jibu moja. Mtumishi pale anaona shetani. Mimi naona wizara.

Kibatari
Mwalimu umetisha 😂😂

mwl_Sabasaba
Sijatania. Kwa mikopo tunayodaiwa, subira yetu haina kifani.

fundi_saa
Na mwaka ule wa 1994 haukuwa wa bure. Wabunge wa Marekani walikuwa wanapigia kelele vurugu kwenye televisheni, ndipo watengenezaji wakaongeza damu kwa makusudi. Yule mtunza bustani, Willie, anapigwa shoka la mgongo kwenye visa vyote vitatu, kila anapokuja kusaidia. Kabla ya hapo, Januari 1992, Bush mkubwa alishasema familia za Kimarekani zisifanane na Simpsons. Siasa na hiki kipindi wameanza zamani.

MtumishiJr
Rais mzima aliona hatari, nyinyi mnaona kicheko.

Kibatari
Rais huyo alishindwa uchaguzi mwaka huohuo. Simpsons bado wapo.

Ila turudi kwenye zimwi, maana PwaniTupu amegusa kitu bila kukusudia. Kile kisa cha 1990, Kang na Kodos wanaiteka familia, wanaitandikia meza kila dakika: kula, kula, ongeza. Lisa anaona wanawanenepesha wawale. Anakuta kitabu chao cha mapishi, juu kimeandikwa jinsi ya kupika binadamu. Wanapuliza vumbi, kumbe ni jinsi ya kuwapikia binadamu. Lisa naye anapuliza: jinsi ya kupika binadamu arobaini. Vumbi la mwisho linatoka: jinsi ya kuwapikia binadamu arobaini. Wenyeji wanalia kwa kudhaniwa vibaya, wanawarudisha nyumbani. Hilo ni zimwi lililokuwa na nia njema, na mtoto mwenye akili ndiye aliyeharibu karamu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ila hili lilikuwa halili kabisa. Mama Nuru, hicho mwonyeshe kijana, hakina damu.

fundi_saa
Nakubaliana, na ndiyo maana nasema yote ya miaka ya tisini ni dhahabu. Hata Homer kuingia kwenye ulimwengu wa pande tatu, 1995, ilichorwa na kompyuta wakati wengi wetu kompyuta tunaiona benki tu. Baada ya 2000 ni makapi. Ikafika hata Halloween yenyewe hawaipati: Fox wana fainali za besiboli Oktoba, miaka mingine kipindi kilisukumwa hadi Novemba. Halloween ya Novemba ni nini?

Yusra_04
Makapi kwa nani? 2022 walitoa mbili kwa mpigo, tena ile ya tarehe 30 Oktoba ina kisa kizima cha kuiga Death Note kilichochorwa kama anime halisi, yaani katuni za Kijapani, mistari, vivuli, kila kitu. Nyie wazee mnachokipenda ni ujana wenu.

fundi_saa
Mzee nani? Umesoma wapi umri wangu?

Yusra_04
Umesema mliona kompyuta benki.

MtumishiJr
Death Note si ndiyo ile ya daftari la kuandika majina ya watu wafe? Endeleeni tu.

MamaNuru
Kibatari, asante, hicho cha 1990 nitakijaribu, nikiwa nimekaa pembeni yake. Na kile kingine humo cha kunguru, shairi la Poe, yule mwandishi wa Kimarekani, kinafaa? Niliona ni kama fasihi.

Kibatari
Kinafaa sana. Msimulizi ni James Earl Jones, yuleyule sauti ya Mufasa, simba wa The Lion King. Mtoto ataifahamu sauti kabla ya shairi.

PwaniTupu
Kwa hiyo Mufasa sawa, zimwi la bibi sawa, la runinga mpaka kikao. Haya.

MamaNuru
Nani kakuita kikao?

KakaDoha
Mnisaidie, ipo wapi ile ya mdoli wa Krusty, yule mchekeshaji, aliyetaka kumuua Homer, fundi akaja akakuta swichi mgongoni imewekwa upande wa ubaya, akaizungusha upande wa wema, kazi imekwisha? Nadhani ni ya 1996.

fundi_saa
1992.

KakaDoha
Hapana. Mimi niliiona 1996.

fundi_saa
Imerushwa Oktoba 1992, kaka. Mdoli, sokwe mkubwa, na wafu wanaofufuka. Visa vitatu hivyohivyo.

KakaDoha
Kanda ya video ilifika mtaani kwetu 1996, kwa hiyo kwangu ni ya 1996.