Kitundu cha shingo kinachotoa ute, na vishimo mbele ya masikio

Tabibu_Wilayani: Wadau, nina mtoto wa miaka 4. Tangu azaliwe ana kitundu upande wa kulia wa shingo, sentimita 2 hivi juu ya mtulinga. Hutoa ute mwembamba. Akishikwa na mafua hapo huvimba na kutoa usaha. Ameshapasuliwa mara mbili kama jipu. Mbele ya masikio yote mawili ana vishimo vidogo, vikavu. Je, ni TB ya tezi?

Koromeo: Kama alizaliwa nacho, TB weka pembeni. Tazama kilipo: ukingo wa mbele wa ule msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, theluthi ya chini. Hayo ni masalia ya mpasuko wa pili wa matamvua ya kijusi, yaani mifereji ya shingoni ambayo hutakiwa kufutika kabla mtoto hajazaliwa. Njia yake hupanda katikati ya matawi mawili ya karotidi (ateri kubwa ya shingo) na huweza kufika kwenye tonsili. Ukipasua jipu, njia inabaki, safari hii na makovu, na daktari wa upasuaji atahangaika kuifuata. Usichokonoe kwa waya. Mpe antibayotiki; usaha ukikusanyika, uvute kwa sindano. Upasuaji usubiri wiki kadhaa baada ya uambukizo kutulia.

Mama_Sikio: Mmeviruka vishimo! Kishimo kikavu peke yake hakidai matibabu. Vikiwa pande zote pamoja na kitundu cha shingo, fikiria sindromu ya matamvua, masikio na figo. Pima usikivu na ultrasaundi ya figo kabla ya upasuaji. Chungulia pia masikio na shingo za wazazi, maana hurithiwa. Ukiambiwa "mtoto huyu mtundu, haitiki akiitwa", usicheke.

Tabibu_Wilayani: Asanteni. Usikivu hajapimwa. Na kingekuwa mahali pengine?

Koromeo: Chini ya pembe ya taya, chungulia sikio: usaha kwenye mfereji huku ngoma ya sikio ikiwa nzima ni masalia ya mpasuko wa kwanza wa matamvua. Hapo neva ya uso iko jirani, kwa hiyo kisu ni cha mzoefu tu.

Uvimbe wa katikati, mwambie mtoto atoe ulimi. Ukipanda, huenda ni sisti (kifuko cha majimaji) ya njia ambayo thairoidi, tezi ya mbele ya shingo, ilishukia kutoka kwenye ulimi kabla ya kuzaliwa. Ultrasaundi kwanza, kuhakikisha thairoidi ipo mahali pake. Pengine uvimbe huo ndiyo thairoidi pekee aliyonayo. Sisti ikitolewa bila kipande cha kati cha mfupa wa haioidi (mfupa mdogo ulio chini ya ulimi), mara nyingi hurudi.

Mama_Sikio: TB ifikirie tezi zinapovimba upya kwa wiki kadhaa, hasa nyumbani kukiwa na mwenye kikohozi cha muda mrefu. Vuta sampuli kwa sindano, peleka ipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB.