Baba wa babu yangu alitoka Mayo, Ayalandi: kwa nini waliondoka kwao, na nitawapataje jamaa zake?

Mjukuu wa Njoro, Nakuru:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo mama yangu amelibeba moyoni tangu utotoni, na ambalo ningependa lipate jibu angali hai. Baba wa babu yangu mzaa mama alikuwa Mwayalandi aliyefika Nakuru baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akafanya kazi katika reli wakati njia ya kwenda Eldoret ilipokuwa ikijengwa, akaishi na nyanya yetu wa Kinandi na kupata naye watoto watatu. Alifariki kabla mama hajazaliwa. Alichotuachia ni kitabu kidogo cha sala, na katika ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa wino jina lake, jina la mahali ambapo sijapaona kwenye ramani yoyote, neno Mayo, na mwaka 1902.

Nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba alikimbia njaa ya viazi. Je, ni kweli? Pia kuna jambo linalotutatiza: katika kitabu, jina la ukoo linaanza kwa O na alama ndogo juu, ilhali cheti cha ubatizo cha babu, kilichotolewa na parokia moja ya huku Nakuru, hakina O hiyo. Binamu yangu anasema huenda hao ni watu wawili tofauti. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Historia, Kisumu:

Dada, pokea salamu kutoka Kisumu. Nitajibu swali la kwanza, kwa sababu jibu lake litakuelekeza hata katika utafutaji.

Njaa Kuu ya Ayalandi ilianza mwaka 1845 na kuendelea hadi 1852 hivi. Mtoto aliyepewa kitabu cha sala mwaka 1902 hakuikimbia njaa hiyo. Waliokumbana nayo ni babu na nyanya zake. Hata hivyo wazee wenu hawakukosea sana, kwa maana njaa ile ndiyo iliyoufungua mlango ambao vizazi vilivyofuata viliendelea kuupitia.

Watu wengi hutaja ukungu wa viazi na kuishia hapo. Ukungu huo uliharibu viazi Ubelgiji na Uholanzi pia mwaka huohuo wa 1845, lakini huko hawakufa watu kwa kiwango kile. Tofauti ilikuwa katika ardhi. Sehemu kubwa ya Ayalandi ilimilikiwa na makabaila, wengi wao wakiishi Uingereza, na waliolima walikuwa wapangaji ambao wangeweza kufurushwa wakishindwa kulipa kodi. Wazee wetu wa Njoro na Molo walioitwa maskwota, yaani walioishi na kulima katika mashamba ya walowezi bila kuyamiliki, wangelielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Nafaka na mifugo ilikuwa mali ya kulipia kodi, na familia ikabaki na kipande kidogo ambacho hakuna zao lingeweza kuilisha isipokuwa viazi. Takriban watu milioni 3 walivitegemea karibu peke yake. Viazi vilipoanza kuoza, nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Mwaka 1847 sheria ikaongezwa kwamba mwenye zaidi ya robo ekari asipewe msaada wa serikali mpaka aiachie ardhi hiyo, na hivyo mtu akalazimika kuchagua kati ya chakula cha leo na shamba la watoto wake. Sheria hiyo huniuma kila ninapoifundisha.

Sensa ya 1841 ilihesabu watu wapatao milioni 8.2 kisiwani kote, na ya 1851 ikahesabu milioni 6.6. Takriban milioni 1 walikufa na wengine wasiopungua hao wakahama. Mayo iliumia kuliko sehemu nyingi: ilikuwa na watu zaidi ya 388,000 mwaka 1841, na baada ya miaka kumi wakabaki 274,000 hivi.

Sasa tuje kwa mzee wako. Baada ya njaa, familia ziliogopa kugawanya mashamba kama zilivyofanya awali, ambapo kila mwana alikatiwa kipande hadi vikawa vidogo mno. Shamba likaanza kurithiwa na mwana mmoja, binti mmoja akatafutiwa mahari ya kuolewa, na waliosalia wakajua tangu utotoni kwamba watasafiri. Tofauti na nchi nyingi za Ulaya, wasichana walihama kwa idadi inayokaribia ya wavulana, na aliyetangulia Marekani alituma nauli ya kumvuta mdogo wake. Usiku wa kuamkia safari majirani walikesha na familia kama katika matanga, kwa kuwa wengi hawakutarajia kuonana tena. Kufikia 1901 kisiwa kilikuwa na watu chini ya milioni 4.5. Mayo ndiko pia vuguvugu la kudai ardhi lilikoanzia mwaka 1879, likiongozwa na Michael Davitt, ambaye familia yake ilifurushwa shambani alipokuwa mtoto mdogo, ikahamia Lancashire, Uingereza, na huko akapoteza mkono katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 11.

Mkulima wa Waru, Molo:

Ninashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, nami ninaongeza ninachokijua kwa macho. Msimu mmoja wa mvua nyingi niliona shamba langu la viazi aina ya Shangi likigeuka jeusi kwa siku chache tu, na niliposimama ukingoni harufu ya uozo ilinifikia kabla sijachimba hata shina moja. Huo ni ukungu uleule. Wakulima wa Ayalandi walipanda sana aina moja, Lumper, na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi, shamba lote huwa kama mmea mmoja uliojirudia: unaposhindwa mmoja, yote hushindwa. Mimi nilinyunyizia dawa nikaokoa nusu. Wao hawakuwa na chochote, kwani dawa ya shaba na chokaa ilikuja kugunduliwa Ufaransa katika miaka ya 1880. Shangi inapendwa sokoni kwa sababu inakomaa upesi na kupikika upesi, lakini inaathiriwa na ukungu kwa urahisi, na inanitia hofu kuona jinsi tunavyoitegemea.

Mtunza Kumbukumbu, Kakamega:

Dada wa Njoro, hilo jina la mahali usiloliona kwenye ramani ndilo hazina yako, kwa hiyo linakili herufi kwa herufi. Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vyenye nyumba chache tu, na kumbukumbu karibu zote zimepangwa kwa vitongoji hivyo. Watu wengi hukwama kwa sababu wanajua jina la ukoo na nchi tu, na majina ya ukoo hurudiwarudiwa mno.

Kuhusu O, binamu yako asikutie wasiwasi. Kwa Kiayalandi, Ó humaanisha mjukuu au mzao wa mtu fulani, na Mac humaanisha mwana, kama vile Wanandi na Wakipsigis wanavyosema arap. (Ndugu zetu Waluo wasidhani wamepata jamaa wapya: O ya Otieno haina uhusiano na hiyo.) Wakati wa utawala wa Waingereza familia nyingi ziliiacha O, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, hamasa ya lugha na utamaduni wao ilipofufuka, wengi waliirudisha. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo katika karatasi moja na kuikosa katika nyingine, kwa hiyo tafuta kwa namna zote mbili.

Anza na sensa ya 1901. Sensa za 1901 na 1911 zimehifadhiwa zote, na Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka kwenye intaneti bila malipo, pamoja na picha za fomu zenyewe. Kama mzee alikuwa mtoto mwaka 1902, basi ataonekana katika ile ya 1901 akiwa na wazazi wake. Ukishapata majina ya wazazi, nenda kwenye uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo, ambao kwa watu wote ulianza mwaka 1864 na unasomeka bure kwenye tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie. Kabla ya hapo utahitaji sajili za parokia za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa ya Dublin iliziweka kwenye intaneti mwaka 2015, na Uthamini wa Griffith, uliofanywa kati ya 1847 na 1864, unaotaja aliyekodi kila shamba na mwenye ardhi aliyemkodisha.

Nikuandae pia kwa pengo utakalolikuta. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Four Courts lilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Mimi ninayefanya kazi ya kutunza karatasi siwezi kuisimulia habari hiyo bila uchungu. Tangu 2022 kuna mradi uitwao Virtual Record Treasury unaokusanya nakala zilizokuwa zimehifadhiwa kwingineko.

Usiisahau njia ya huku nyumbani. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza kwamba mtu anapofunga ndoa, parokia aliyobatizwa ijulishwe na iandike habari hiyo pembeni ya jina lake. Kama mzee alifunga ndoa kanisani popote pale, sajili ya ndoa huenda inataja parokia aliyobatizwa. Omba kwa heshima kuiona sajili yenyewe, kwa sababu cheti ni muhtasari tu.

Msikate tamaa kwamba kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, alitembelea kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, Mei 2011, kwa sababu babu mmoja wa ukoo wa mama yake, Falmouth Kearney, aliondoka hapo mwaka 1850. Ushahidi ulipatikana katika sajili za kanisa.

Msomaji, Eldoret:

Je, kipimo cha DNA hakingekuwa njia ya mkato?

Mtunza Kumbukumbu, Kakamega:

Kitasaidia baadaye, na apimwe mama kwanza, kwa kuwa yeye ana takriban robo ya urithi wa mzee huyo ilhali binti yake ana thumuni tu. Lakini kipimo huonyesha kwamba watu fulani ni jamaa bila kueleza ni kwa njia gani. Karatasi zitangulie.

Mjukuu wa Njoro, Nakuru:

Ndugu zangu, nimerudi. Jana usiku nilikaa na mama mbele ya kompyuta, tukaandika jina bila O, kisha jina la kitongoji, na fomu ya 1901 ikafunguka. Yupo. Ana miaka 7, anajua kusoma, naye ni wa tano katika orodha. Mbele ya majina ya wazazi wake pameandikwa kwamba wanazungumza Kiayalandi na Kiingereza, na kwamba mama yake hajui kusoma. Tukafungua ya 1911: nyumba ni ileile, kaka mkubwa amebaki na wazazi, na mzee wetu hayupo. Katika sensa hiyo wake waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, naye amejibu tisa na sita. Mama yangu aliisoma nambari hiyo mara mbili, akaniomba nisifunge ukurasa.

Mwalimu, inaonekana maneno yako yalikuwa sahihi, maana shamba lilibaki na kaka. Ila jambo moja limenishangaza: baba yao ana miaka 56 mwaka 1901 na 71 mwaka 1911.

Mwalimu wa Historia, Kisumu:

Hilo lisikushangaze, dada. Pensheni ya wazee ilianzishwa kwa sheria ya 1908, ikilipwa kwa waliofikisha miaka 70, na wengi waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo maelfu ya wazee wa Ayalandi walizeeka upesi kati ya sensa hizo mbili. Kuhusu kijana, mwaka 1911 alikuwa na miaka 17 hivi, na vijana wa Mayo walikuwa na mazoea ya kwenda kuvuna mashambani Uingereza na Uskoti kila mwaka. Mtafute katika sensa ya Uingereza ya 1911, ukianzia Lancashire.

Mjukuu wa Njoro, Nakuru:

Nitafanya hivyo. Jumamosi tunaenda parokiani na kitabu chetu cha sala, na mama amesema atakibeba mwenyewe.