Naomba ushauri: kukwanguliwa kizazi kabla ya kupandikiza mimba
Habari zenu dada zangu, nipo Moshi, ndoa ina mwaka wa saba. Tumepandikiza mara mbili imegoma, sasa dokta anasema kabla ya ya tatu nikwanguliwe kidogo ukuta wa kizazi kwa kamrija kembamba eti kiinitete kitashika vizuri. Ila nimesoma utafiti wa 2019 ulioongozwa na watu wa New Zealand, wanawake 1,364, waliokwanguliwa na wasiokwanguliwa wote waliojifungua ni asilimia 26.1, yani hamna tofauti kabisa! Na inauma jamani. Mume wangu kauza ng'ombe wawili, hela iko kwenye bahasha kabatini, naogopa hata kuigusa. Kuna aliyefanyiwa? Nimuulize nini dokta kabla sijakubali?